Wifi Yangu Asiyetulia Kitini

Dada wa mume wangu tunamwita Mkasi. Jina alilipata utotoni, alipokuwa akikata picha za magazeti kabla baba yake hajamaliza kusoma, akizipanga upya sakafuni mpaka bibi harusi wa ukurasa huu anakimbizwa na timu ya mpira ya ukurasa ule. Mpaka leo ukimsimulia jambo ukachelewa kufika, anazungusha kidole hewani: fupisha.

Kazi aliianzia kwenye studio ya video za harusi. Huko aliikata hotuba ya shangazi wa bwana harusi, eti alirudia maneno. Shangazi alikuja na mkoba wake, akaketi mlangoni pa studio, akasema haondoki mpaka arudishwe kwenye video. Akarudishwa, na kukohoa kwake kote. Wifi hakusahau aibu ile. Akahama, akajifunza kuhariri filamu, akawa anamalizia kazi za wengine, jina lake likiandikwa mwishoni kwa herufi ndogo kama sisimizi, au lisiandikwe kabisa.

Mwaka huu ndipo akapewa filamu nzima, ya kwanza ya kwake peke yake. Anaihariria chumba cha nyuma cha nyumba tunayokaa wote: blanketi dirishani, kompyuta mbili, feni inayotikisa kichwa kama mtu anayekataa posa. Kiti kipo, lakini yeye hahariri ila amesimama.

Mara nyingi huniita na mwanangu. "Kaa hapo wifi, umbembeleze." Mwanzoni nilidhani ananihurumia nipumzike. Kumbe anautazama mkono wangu. Ukiendelea kumpigapiga mtoto mgongoni, picha haijanishika. Ukisimama, imenishika. Hicho ndicho kipimo chake.

Taabu ilianzia kwenye kipande kimoja. Mama amesimama mlangoni pa wodi, anasubiri habari za mwanawe. Mwongozaji wa filamu, mtu mpole asiyevua kofia, alikitazama akasema hakimuumi. Akampa wifi mpaka Ijumaa. Kisipouma, filamu inakwenda kwa mhariri mwingine.

Chakula kikamshinda wifi. Akakifupisha kile kipande, akakifupisha tena. Akaniita, mkono wangu haukusimama, ila na mimi nilishakizoea kama harufu ya sabuni yangu mwenyewe. Akawa anafunga mlango, anaufungua, anaosha kikombe kisafi.

Mimi ndiye niliyesema tumwite mama mkwe. Wifi akaniangalia kama nimetaja polisi. Mama alikuwa hajawahi kuingia chumba kile. Kwake yeye kazi ni ile ambayo ukiimaliza kitu kimeongezeka, na binti yake anashinda akipunguza vya watu.

Alhamisi mchana akaja, na sinia ya mchele wa kuchambua, asije akakaa bure. Filamu ikaenda. Alicheka pa kucheka, akamlaani mjomba mwongo, vidole vikichambua. Kipande cha mlangoni kikaja, kikapita. Vidole havikusimama.

Wifi akaizima. "Hata wewe, mama? Hujaona kitu?"

"Nimeona mlango," mama mkwe akasema, akipuliza pumba. "Mwenyewe yuko wapi? Nainamisha macho nitoe kijiwe, nikiinua mmeshamtoa. Ana haraka gani, na mwanawe yuko ndani?"

Wifi akabisha. Akasema wanaokwenda kutazama filamu hawaendi na masinia.

"Wanakwenda na watoto. Muulize huyo hapo."

Sikuulizwa. Ila ni kweli, tangu nimejifungua sijatazama kitu kikaisha. Jicho moja huku, jingine kwa mwanangu.

Wifi akavuta kiti, akakaa. Akaanza kurudisha alivyovikata: mama yule amesimama tu, anakunja ncha ya leso, mtu anapita na ndoo, anarudi nayo. Kidole cha wifi kikaanza kuzunguka hewani chenyewe, fupisha, fupisha. Akaukalia mkono wake.

Akakionyesha upya kipande. Mama mkwe akainama, akatoa kijiwe, akainua macho. Yule mama bado yupo. Akainama tena, akainua, bado yupo. Mara ya tatu hakuinama. Mkono wangu nao ulisimama, mpaka mwanangu akalia kwa kubembelezwa nusu nusu.

Ijumaa mwongozaji alitazama amesimama. Kipande kilipopita hakusema kama kimemuuma. Alimwuliza tu wifi jina lake kamili, aliandike vipi.

Siku ya filamu kuonyeshwa kwa watu, kiti kati yangu na mama mkwe kilikaliwa na mkoba wa wifi. Mwenyewe hakuonekana. Mtoto alipolia nikatoka naye, nikamkuta kwenye ujia anakwenda na kurudi.

"Wamefika pale mlangoni pa wodi?"

"Ndiyo wanafika."

"Wanakohoa kwa kuchoka?"

Nikatega sikio. "Hawakohoi."

Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaendelea kutembea naye. "Rudi basi, wifi. Kaniangalizie mikono yao."

Nikarudi. Giza lilikuwa zito, mikono ya watu sikuiona. Niliuona wa mama mkwe tu, umeshika mkoba wa binti yake, hautikisiki.