Ufa Katika Jamvi la Mama

Nafundisha Kiswahili sekondari, karibu na Nyakanazi, na kila mwaka kuna darasa linaloandika insha ya "usipoziba ufa utajenga ukuta". Nimezisoma insha hizo mpaka methali yenyewe imenichosha. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia nifanye nini ikiwa ufa nimeuziba mara mbili na bado unarudi.

Ufa wenyewe uko Nyamiaga, kwenye sakafu ya nyumba niliyomjengea mama. Ulianzia mlango wa sebule ukakata hadi chumbani kwake, chini ya kitanda. Fundi wa kwanza aliupaka niru, ule uji mzito wa saruji, ukarudi kabla ya Pasaka. Wa pili aliuchimbua kidogo, akajaza saruji na mchanga, akaniapia kwamba nitazeeka kabla haujafunguka tena. Mvua zilipokolea ukafunguka, na siafu wakaanza kutokea humo. Mama akahamia jiko la nje, akawa analala kwenye mkeka karibu na mafiga. Mtu wa umri wake, na kifua chake kile! Nilitaka jambo moja tu, arudi kitandani kwake.

Nilianza kwa kumgombeza. Niliamini ameupasua yeye kwa kutwangia mihogo sebuleni. Nikamwambia, mama, zege si udongo, halitaki mchi.  Alibeba kinu chake akakiweka nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo akawa anatwanga huko, hata manyunyu yakimpiga. Nami nikaona somo limeeleweka.

Likizo ya mwezi wa sita nilipanda basi na madaftari ya wanafunzi mapajani, nimechoka hata kabla ya kufika. Safari hii nilimpata fundi wa tatu, mzee kutoka Murukulazo. Aliitikia shikamoo yangu, akapiga magoti, akawa anagonga sakafu kwa nyundo kutoka ukutani kuja katikati huku ametega sikio. Kando ya ukuta jamvi, yaani zege la sakafu, lilitoa mlio mzito. Katikati likalia kama debe tupu.

"Mwarimu," akasema, "hapa chini hakuna kitu. Udongo umeshuka, jamvi rimebaki juu peke yake. Ukipaka tena unajidanganya."

Nilitamani anidanganye kama wenzake, nikalale. Nikamwambia avunje.

Alishinda na tindo na nyundo. Kipande cha kwanza cha zege kilipotoka, aliingiza mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Chini ya moramu, ule udongo wa changarawe wa kujazia msingi, kulikuwa na tope jeusi, laini, lenye nyuzi za migomba iliyooza. Mama alikuja mlangoni akachungulia.

"Shimo la mama mkwe," akasema. "Alikuwa anaivishia ndizi za pombe humo. Alipofariki tulilijaza migomba na takataka, tukafukia."

"Na hukusema!" Sauti yangu ilikuwa kali, naikumbuka.

"Nilisema. Mafundi walipokuja kupima pa kujenga nilikupigia simu. Nikakwambia, hapo ni kubora tu."

 Simu ile niliikumbuka vizuri, mtandao ulikuwa unakatikakatika. Mama huchanganya Kihangaza na Kiswahili akiongea nami, kwa sababu mimi, tangu nitoke chuoni, humjibu kwa Kiswahili tu. Kwetu kubora ni kuoza. Mama alikuwa ananionya kwamba hapo ni pa kuoza. Mwalimu wa Kiswahili akasikia "hapo ni bora tu", akashangilia, akampigia fundi aanze mara moja, maana mama mwenyewe amepapenda.

Mzee wa Murukulazo alicheka hadi akaweka nyundo chini. Mimi sikuweza.

"Kwa nini hukurudia kuniambia?"

"Ulikuwa unacheka kwenye simu," mama akasema. "Ukasema sasa nitalala pazuri. Nikasema moyoni, huyu amesoma, labda saruji inashinda kuoza. Nisingeikata furaha yako."

"Na nilipokugombeza kwa ajili ya kinu?"

"Siku ile ulikuwa umetoka safari, umechoka. Ningeongeza nini?"

Tulizoa tope lote mpaka tukafika kwenye udongo mgumu. Tukapanga mawe, tukamwaga moramu kidogo kidogo, tukimwagia maji na kushindilia kila tabaka, hadi viganja vyangu vya chaki vikachubuka. Fundi akafunga nondo, akamwaga zege jipya, akalifunika magunia tuliyoyalowesha maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Sijui kama litadumu. Sina nguvu ya kuapa.

Magunia yalipoondolewa tulirudisha kitanda. Mama aliketi ukingoni mwake, akakanyaga sakafu kwa mguu mmoja, kisha wa pili. Nilikaa chini mbele yake, nikamwomba radhi kwa Kihangaza, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni. Nilikuwa na aibu, na maneno yalitoka kwa shida. Neno moja nililikosea. Mama alinishika bega, akalitamka lilivyo, polepole, akaniambia nilirudie.