Msellem na Furushi la Mkwewe

Msellem wa Ngwali alizaliwa Kiuyu kama sote, akala muhogo kama sote, akatembea peku mpaka ndevu zilipomtoka. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu yeye mwenyewe alilisahau siku serikali ilipomvika viatu vya ngozi na kofia, ikamwajiri kupeleleza magendo ya karafuu. Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa. Karafuu ilitakiwa ipite kwenye mizani ya serikali na ikatwe ushuru, na kila mtu alijua kwamba Mombasa, kwa wanunuzi wasiouliza habari za ushuru, bei ilikuwa nzuri zaidi.

Msellem alijisifia pua. Barazani alituambia kwamba hata karafuu ikifichwa chini ya dagaa, yeye huinusa. Wakati wa mavuno Pemba nzima inanuka karafuu, mpaka mashuka na nywele za watoto, sasa sijui pua hiyo ilimsaidia nini. Lakini tulimsikiliza, maana alikuwa na uwezo wa kumtia mtu ndani. Alipekua vikapu vya wanawake waliotoka shamba. Alimwaga unga wa Mwanamize, mjane wa watu, juu ya mchanga, asikute kitu, akaenda zake bila kuomba radhi. Alichokitaka ni tepe moja begani na kuhamishiwa mjini, akakae afisini chini ya feni.

Nyumba moja tu hakuigusa, ya Bi Mwanapili, mama wa mkewe. Kwetu mwanamume haingii chumbani kwa mkwewe. Hata akiitwa husimama ukumbini, macho chini. Na mkewe, Mwanawema, ambaye mpaka leo sielewi alimpendea nini, alikuwa amemwambia waziwazi, "Pekua nchi nzima ukitaka. Kwa mama usiende."

Basi siku moja mkubwa wake alikuja Kiuyu kwa gari kutoka mjini, na askari wengine nyuma. Siku hiyohiyo akapita Nyange, mchuuzi wa samaki wa Tumbe, na baiskeli yake. Huyo naye simsifu. Akamvuta Msellem pembeni.

"Uvunguni mwa nkweo mna furushi zito," alimwambia. "Mie nimeliona. Hawataki ntu alikaribie."

Msellem hakuuliza kwa nini mchuuzi wa samaki ajue mambo ya uvunguni mwa watu. Aliiona tepe tu. Nani angemtilia shaka askari aliyemkamata mkwewe mwenyewe? Nilikuwepo, nilimtazama usoni, na nasema kwamba hakusita hata kidogo.

Akaingia mpaka chumbani na viatu vyake. Bi Mwanapili alikuwa amekaa kitandani, miguu imemvimba, na Mwanawema anamkanda kwa mafuta ya nazi. Mkubwa alisimama mlangoni. Sisi majirani tulijaa ukumbini.

"Shikamoo, mama. Inuka, tuna kazi ya serikali."

"Marahaba, mwanangu. Kazi gani hino ya chumbani kwangu?"

"Inuka, mama."

Mwanawema akasimama mbele yake. "Ukilitoa hilo furushi, Msellem, na mie natoka kwako."

"Serikali haina mkwe," alijibu, kwa sauti ya kumfikia mkubwa wake.

Kikongwe akainuka, akimshika bintiye bega. Msellem akalivuta furushi, akaikata kamba kwa kisu, akalikung'uta. Ikaanguka nguo nyeupe, ikakunjuka sakafuni mpaka miguuni pake. Ikafuata pamba, ubani, kafuri na kipande cha sabuni. Ilikuwa sanda. Na kiatu chake kilikuwa juu yake.

Hakuna aliyecheka. Hata yule mkubwa, asiyejua mila zetu, alivua kofia.

"Ndo hino sanda yangu," alisema Bi Mwanapili. "Nilinunua kwa karafuu nilizochambua kwa nkono wangu, ili nsimsumbue ntu siku yangu ikifika. Toa kiatu chako."

Wakati huo Nyange alikuwa kesharudi Tumbe, anapakia magunia yake ya karafuu kwenye chombo cha Mombasa kwa raha zake. Askari wote walikuwa Kiuyu wakitazama sanda.

Na tepe aliipata. Mkubwa alisema huyu ni mtu asiyependelea jamaa zake. Msellem aliishona mwenyewe, ikakaa kombo, kwa sababu Mwanawema alikuwa kwa mama yake, na talaka aliidai mpaka akapewa.

Bi Mwanapili alifariki mwaka uliofuata. Mwanawema alikuwa ameifua ile sanda mara nyingi, lakini alama ya kiatu haikutoka, ikabidi watu wakimbie dukani kutafuta nguo nyingine, jambo ambalo marehemu alijihimu maisha yake yote lisitokee. Msellem akaja mazikoni na sare zake, uso mkavu. Jeneza lilipotoka, naye akasogea kutia bega.

Hamad, mtoto mkubwa wa marehemu, akamshika mkono taratibu, akauondoa.

"Sanda yake ushaitazama, Bwana Msellem," alimwambia. "Rudi kazini kwako."