Kulifumua Sweta la Mpishi

Sweta lile lilibaki kwa sababu lilikuwa limeungua. Matanga yalipoisha, ndugu wa marehemu waligawana nguo zake kama ilivyo kawaida: koti, suruali, buti za mvua. Sweta la kahawia, ambalo mkono wake wa kulia uliwahi kushika moto jikoni kambini, hakuna aliyelitaka.

Marehemu alikuwa mpishi wa kambi ya watalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mimi kibarua wa kusimika mahema na kuosha sufuria. Alikuwa mmoja wa watu wachache waliovumilia maswali yangu. Kisha nikaondoka, maana sijui kukaa, na niliporudi Karatu baada ya mwaka mmoja na zaidi nikaambiwa hayupo. Mjane wake alikuwa na binti wa miaka minane, mvulana wa miaka minne, na chumba cha uani cha kupangisha. Nikakichukua.

"Shemeji," mjane aliniambia asubuhi moja, "nasikia unafuma."

"Nani kasema?"

"Nimekuona. Unafuma soksi huku unaangalia mlango kama mwizi."

Ni kweli. Nilijifunza kijijini Sale, lori tulilopanda lilipokatika ekseli, na dereva, mzee mwenye tumbo kubwa, akatoa sindano chini ya kiti na kuanza kufuma kofia. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kwa yule mzee nilikaa siku nne bila kutoroka.

Shemeji, maana nami nilimwita hivyo, akaniwekea sweta mapajani. Alilifuma mwenyewe wakati wa uchumba, lenye misuko miwili kifuani kama nywele za msichana. Sasa alitaka lifumuliwe, yatoke masweta mawili.

"Mkubwa anamkumbuka baba yake," alisema. "Huyu mdogo anamkumbuka kwa kuambiwa. Nataka kila mmoja apate."

Kabla ya kufumua nguo kuukuu, kata kipande kidogo cha uzi ukichome. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa shanga ngumu. Sufu huungua ikanuka nywele. Kile nilichokata kwenye mkono ulioungua kilinuka nywele, nikafurahi, kwa sababu sufu ikikatika unaweza kuiunga bila fundo: unachambua ncha mbili, unazilowesha mate, unazisugua viganjani mpaka zishikane. Kisha tukakagua mishono ya ubavuni. Sweta la kiwandani mara nyingi limekatwa kwa mkasi kabla ya kushonwa, na ukilifumua unapata vipande vifupi vifupi vya uzi, hasara tupu. Lake lilifumwa kwa mkono, kila kipande peke yake, basi tulikuwa salama.

Unaanzia pale mfumaji alipomalizia. Shemeji alivuta, mimi nikazungushia uzi kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa. Ulitoka umejikunja kama tambi, na uzi wa hivyo hufumika vibaya. Inabidi uuloweke maji ya vuguvugu, uuanike ukiwa umening'inizwa chupa ya maji chini ili unyooke.

Hapo akasita. Uzi ulinuka moshi na vitunguu vya kambini.

"Usiloweke leo," akasema.

Hatukuloweka. Kesho yake nilipotoka kuchota maji nilikuta ameshauloweka mwenyewe. Kwa ukungu wa Karatu mwezi wa saba, ulichukua siku tatu kukauka.

Kosa lililotokea baadaye ni langu, kwa sababu nilijua nikanyamaza. Shemeji alianza sweta la binti, kuanzia pindo la chini kwenda juu kama alivyofundishwa, na akaweka misuko ileile miwili. Alifuma akiwa na uso laini, sikutaka kumkatiza. Lakini misuko inakula uzi. Kila inapopindana inavuta kitambaa, na unahitaji vitanzi vingi zaidi kufikia upana uleule. Alipofika kwapani, uzi uliobaki ungetoa mikono ya binti na labda kofia ya mdogo.

Akauweka mkononi, akaupima kwa kuurusharusha, akauweka chini.

"Shemeji," nikasema, "tufumue. Tuanze bila misuko."

"Nimeshamfumua mara moja," akajibu. "Simfumui tena."

Akakusanya kila kitu akaweka juu ya kabati. Kwa siku kadhaa tulizungumza habari za mahindi na bomba la maji. Niliwaza kuondoka, ndiyo dawa yangu ya kila jambo. Lakini kila asubuhi mvulana alitoka nje akitetemeka ndani ya fulana ya dada yake, na mama yake alimtazama.

Jumapili, baada ya ibada, nilimkuta shemeji kakaa kizingitini, sweta la binti magotini, anavuta uzi. Misuko ilikuwa imeshatoka. Alikuwa analia kidogo, lakini mikono haikusimama.

"Usinitazame," akasema. "Niambie tunaanzia wapi."

"Shingoni."

Ukiwa na uzi wa kubahatisha, anzia shingoni ushuke chini. Uzi ukiisha, utaishia kwenye pindo, mahali pa kumalizia kwa rangi nyingine, na mtoto akikua unaongeza hapohapo. Tuliupeleka dukani ukapimwe kwenye mizani ya sukari. Mimi nilitaka binti apewe zaidi, mwili wake ni mkubwa.

"Sawa kwa sawa," alisema shemeji. "Mdogo ana kumbukumbu chache, asipunjwe na uzi."

Tulifuma kwa pamoja, yeye la binti, mimi la mvulana, kwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye sementi. Lakini mkono wangu unakaza. Vitanzi ishirini vyangu vilikuwa vyembamba kuliko ishirini vyake, na dawa yake si kujilazimisha kulegeza. Dawa ni kubadili sindano, uchukue nene. Nikaenda na ufumaji wangu mkononi hadi kijiwe cha madereva wa bodaboda.

"Mama kijacho huyo!" mmoja akapiga kelele. "Miezi mingapi?"

"Saba," nikamjibu. "Nipeni spoku za pikipiki, mtoto asizaliwe na baridi."

"Na baba ni nani?"

"Wewe. Umesahau?"

Walicheka mpaka wateja wakageuka, lakini jamaa huyohuyo alizama gereji akaniletea spoku nne, akauliza kwa sauti ya chini kama naweza kumfumia soksi.

Uzi wa binti ulitosha mikono yote miwili, ukaishia mbavuni. Shemeji akamalizia chini kwa uzi mwekundu wa mnadani.

"Mbona la kwangu lina nyekundu?" binti akauliza.

"Kwa sababu wewe utarefuka. Nitakuwa naongeza."

Akaifikiria ile hoja, akaikubali, akaenda kujitazama kwenye kioo cha dirisha.

La mvulana lilikuwa la kahawia tupu. Nilikuwa nimebakiza pindo la mkono wa kushoto nilipomvalisha nipime urefu. Ili vitanzi vilivyo wazi visifumuke, nilichomoa spoku na kupitisha kipande cha uzi mwekundu ndani yake.

"Haya, vua nimalizie."

"Sivui."

"Dakika kumi tu, bwana mdogo."

"La baba. Sivui."

Akakimbilia jikoni akajibanza nyuma ya gunia la mkaa. Mama yake alikuwa anachambua maharage. Aliacha, kisha akaendelea kuchambua.

"Mwache, shemeji," akasema. "Atavua akichoka."

Mvulana alilala nalo usiku ule, na uliofuata. Jumatatu nilipanda basi la Wasso, na alikuja kunisindikiza hadi barabarani akiwa amelivaa, ule uzi mwekundu ukiwa bado umeshikilia vitanzi vya mkono wa kushoto. Nilimwachia mama yake bonge dogo la uzi wa kahawia na spoku nne za pikipiki.