Lecture ya Saa Nne

Mwanangu, kuna siku moja haijanitoka kichwani, na leo unapofunga begi lako kwenda koleji nitakusimulia, hata kama utanicheka. Cheka tu, nimezoea.

Nilikuwa msichana wa Kikongo, nimesoma kwa Kifaransa hadi tulipovuka ziwa kuja huku Nchelenge, kwenye masomo ya Kiingereza. Kiingereza nilikiokota sokoni, nikiuza samaki. Hata hivyo nikapata nafasi ya kusomea ualimu, na somo la kwanza likawa fasihi ya kale ya dunia: maandiko ya watu waliokufa zamani hata makaburi yao hayajulikani. Ukutani palibandikwa ratiba: lecture, saa nne. Kwa Kifaransa, lecture ni kusoma. Basi kila saa nne kamili nikawa naingia maktaba, nafungua kitabu, nasoma. Nilijiona mwanafunzi hodari kweli.

Kitabuni mlikuwa na ombolezo moja lililonivuruga akili. Mtu anamlilia marehemu aliyezama. Mstari huu anamwita mume wangu, unaofuata anamwita kaka, kisha anamwita baba. Nikajiuliza, huyu mama ana wazimu? Au ni mimi? Nilisoma mara saba, nikazidi kupotea. Kwenye jaribio lililobandikwa karibu na ratiba niliandika kwamba mwimbaji amechanganyikiwa. Karatasi ikarudi na sifuri, na chini yake mwalimu ameandika kwamba kwa wiki tatu sijahudhuria hata mara moja, na jina langu litafutwa. Sikuelewa kitu. Mimi, ambaye sikukosa hata siku moja!

Nililia pale pale maktaba. Mtunza maktaba, mzee ba Mutale, aliwahi kununua samaki kwa wavuvi wa kwetu kule Mununga, kwa hiyo alikijua Kiswahili chetu.

"Dada, kila siku saa ine uko hapa. Juu ya nini hauendake ku lecture?"

"Niko mu lecture, ba Mutale. Niko nasoma."

Akanitazama, akavuta kiti. "Lecture ni mwalimu anasema, batu banasikiliza. Benzako banapita hapa ku dirisha kila siku na madaftari. Haukuulizaka hata mumoja?"

"Niliogopa batanicheka."

"Na sasa bakikufukuza, utaambia nini batu ba kwenu?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Niliwaona wakipita. Nilishangaa wanaenda wapi, nikainamia kitabu changu kwa woga na kiburi.

Nilikwenda kujieleza, mwalimu akanipokea, lakini somo nililirudia mwaka uliofuata. Siku yangu ya kwanza darasani aliuliza nani analia katika ombolezo lile. Binti mmoja wa Chienge, ziwani kwetu huku, akajibu bila hata kufikiri: ni watu watatu, wanapokezana, kama kwenye kilio. Mwanangu, nilitamani kuingia chini ya dawati. Mitumbwi mingapi haikurudi, na mara ngapi nimesimama ufukweni na mama zangu tukipokezana hivyo hivyo! Nilikijua kitu kile tangu utoto, nikakisoma peke yangu hadi nikakipoteza.

Kwa hiyo nakuambia wazi: usipoelewa, uliza siku hiyo hiyo. Uliza kwa Kiingereza kibovu, uliza kwa Kibemba, uliza kwa mikono. Mimi hadi leo kuna mengi yananichanganya, na bado naona aibu kuuliza. Mungu akutangulie, akukutanishe na watu wema wa kukujibu, akulegeze na ulimi. Nenda, mwanangu, ukaulize.