Chungu cha Mama na Kozi ya Mtandaoni

Chuo chetu kilipotangaza kwamba hahitimu mtu bila kufaulu kozi ya ujasiriamali ya mtandaoni, waliofurahi zaidi ni wahadhiri. Kwao ilikuwa likizo. Aliyetufundisha alikuwa kijana wa kwenye video, amevaa koti, anatabasamu vilevile tangu somo la kwanza hadi la mwisho. Sidhani kama amewahi kuuza hata andazi.

Wenzangu walibofya majibu ovyo mpaka yakakubali. Mimi, mjinga, nilisoma.

Kazi ya mwisho ilisema: tafuta mjasiriamali, ona tatizo lake, mtatulie. Nilikuwa nyumbani Ikombe, kando ya ziwa, kwa hiyo nikamchukua mama. Mama anafinyanga vyungu, na kila mavuno ya mpunga huvipakia mtumbwini, akishuka huvisafirisha hadi Busale. Kule hakuna kupatana bei. Mnunuzi hukigonga chungu, akiridhika na mlio wake hukijaza mpunga hadi mdomoni. Mpunga ni wa mama, chungu ni cha mnunuzi. Huo ndio wali wetu wa mwaka mzima.

Fomu ya kozi ilikuwa na kisanduku cha bei kinachopokea tarakimu tu. Nikaandika "mpunga wa kujaa", kikawaka nyekundu. Badala ya kukitukana kisanduku, nilimdharau mama. Nikamkalisha chini, nikamwaga maneno ya mnyororo wa thamani kama kasuku.

"Mama, Busale unapoteza. Viuze vyote mjini Kyela kwa fedha, sasa hivi, usingoje mavuno."

"Na akina mama wanaonisubiri kule?"

"Hao si wateja, mama. Ni mazoea tu."

Alinitazama. Vyungu ndivyo vilivyonisomesha, na yeye aliamini vimenisomesha vizuri.

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Akauza. Wachuuzi walijua hawezi kurudi na mzigo ule, wakajipangia bei wanayotaka. Siku hiyohiyo nikawasilisha kazi yangu, na picha ya mama akiwa sokoni.

Mavuno yalipofika alikwenda Busale mikono mitupu kuomba radhi, nami nikamsindikiza. Mama mmoja aliyezoea kuwa wa kwanza kuchagua chungu alitupokea vizuri. Jikoni kwake palikuwa na sufuria mpya.

"Nilikungoja, dada," alisema. "Nikajua umetuacha."

Akatupa ndizi za kula njiani. Mama alimshukuru kwa kikwetu, "Ndaga." Nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka ule tulinunua mchele dukani, kilo kwa kilo, katika wilaya iliyojaa mpunga kila upande. Mimi nilipata alama za juu kabisa. Kisha ukaja ujumbe wa chuo: kazi yangu imechaguliwa iwe mfano kwa wanafunzi watakaofuata, je, naruhusu waitumie pamoja na picha?

Mama alikuwa kando yangu, anachagua mawe kwenye ule mchele wa dukani. Akauliza wanasemaje.

"Wanataka kuwaonyesha wanafunzi picha yako."

"Wawaonyeshe nini?"

Nilikosa ujasiri. "Jinsi ulivyofanikiwa, mama."

Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akafunga kitenge upya.

"Basi nipige nyingine," alisema. "Ile sikuwa nimejiandaa."

Nikampiga. Halafu nikabofya "Nakubali".