Kiboko wa Ungo

Juzi mwanangu, anayesoma Japani, alinitumia video. Yumo kwenye mashua na wenzake katika bustani kubwa ya michezo ya huko, wanapita mto wa kutengenezwa, miti pande zote, mara kiboko anaibuka ubavuni kwao na kupanua mdomo. Watu wanacheka. "Mama, usiogope," ameandika, "ni wa bandia." Nilikuwa nimekaa barazani hapa Kibiti, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Ningeogopaje, ndugu yangu? Kiboko yule namfahamu tangu nina miaka tisa.

Bustani ile ilitufikia kijijini kwetu Salale, kule deltani Rufiji, ikiwa imekunjwa mara nane. Mjomba, aliyekuwa dereva huku Kibiti, aliikuta chini ya kiti cha gari lililotoka Japani likiwa limeshatumika, akamletea dada yangu: ramani ya rangi, karatasi inayong'aa, maandishi yaliyomshinda hata mwalimu. Mwalimu alitwambia tu kwamba ni mahali ambapo wakubwa kwa watoto huenda kucheza kutwa, na kwamba pamegawanywa sehemu sehemu. Kulikuwa na bandari yenye meli za zamani, mlima unaofuka moshi, mji wa miaka ijayo, kasri lenye minara, na msitu wenye mto, na mtoni kiboko ameibuka karibu na mashua ya watu wanaocheka.

Unajua watoto tena. Baada ya siku tatu Salale nzima ilikuwa imeshagawanywa. Mlima ulikuwa jiko la jirani aliyebanika kamba kwa kuni za mikoko. Tukipita tunafunika nyuso tusiungue, naye anatutukana kwa mapenzi. Mji wa miaka ijayo ulikuwa banda la wanunuzi wa kamba, kwa sababu lilikuwa na jenereta na barafu, na mwenye bahati alipewa kipande cha kunyonya. Kasri lilikuwa dungu letu, kile kibanda cha juu ya miti tulichohamia kila msimu wa mpunga, ng'ambo ya mto, kuwinga ndege na kufukuza nguruwe. Nikifumba macho bado nasikia debe likigongwa, na harufu ya wali mpya inanijia kana kwamba sufuria imefunuliwa sasa hivi.

Ila mwaka ule kasri lilikuwa mashakani. Kiangazi, kiboko alikuwa amepindua mtumbwi wa babu, na babu hakurudi. Tangu siku hiyo bibi, aliyekuwa akitulea, hakutia mguu kwenye chombo chochote. Shamba liko ng'ambo. Bila mtumbwi hakuna mpunga. Mjomba akasema, kwa upole, kwamba bibi asipovuka, shamba walime wengine, dada apelekwe kwa shangazi kule Mbwara, mimi nije kwake Kibiti. Nililia chini kwa chini, nimejifunika kanga ya bibi ili asinisikie. Alinisikia.

Alipoonyeshwa ile picha ya kiboko na watu wanaocheka ndani ya mashua, bibi aliuliza kama wana wazimu. Mwalimu akamweleza kwamba kiboko hana uhai, ametengenezwa. Bibi akaisogeza ramani karibu na macho.

"Mtu na akili zake," akasema, "anakaa chini anatengeneza kiboko?"

Dada alikuwa keshapata wazo. Maji yalipokupwa tuliburuta mtumbwi uliooza hadi kwenye kijito nyuma ya nyumba, tukaulaza kifudifudi, tukaukandika tope, macho tukaweka vifuu vya nazi, mdomo tukatia ungo. Tukamfunga kwenye mzizi wa mkoko. Maji yakijaa, ataelea mwenyewe.

Kesho yake dada alimwendea bibi na jani la mkoko mkononi. Hiyo ndiyo tiketi.

"Bibi, mpaka pale kwenye kona tu. Maji ya magotini."

Bibi alitutazama, mmoja mmoja. "Nyie wake wenzangu mna jambo," akasema, maana ndivyo alivyotuita, kwa ule utani wa bibi na wajukuu, sote wake wa babu. Akapanda mtumbwi wetu mzima, ameshika kingo kwa mikono miwili.

Kwenye kona kiboko akaibuka. Mimi niliyemkandika kwa mikono yangu mwenyewe nikapiga ukelele. Bibi hakupiga. Alimkazia macho, kisha akasema, "Huo si ungo wangu niliokuwa nautafuta?" Akamnyang'anya dada kafi, akamshushia kiboko moja ya kichwa, tope likaturukia sote.

"Mume wetu umetuulia," akamwambia. "Mpunga wetu huuli!"

Akaanza kucheka, akaangua kilio, vikachanganyika, nasi tukamkumbatia, mtumbwi ukitaka kupinduka. Kisha akajifuta kwa kanga. "Haya, nirudisheni. Mbegu bado sijazipepeta." Wiki ile ile tulivuka, watatu, kwenda dunguni.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Ramani ililiwa na mchwa. Mwaka jana nilikwenda kuliangalia shamba: maji ya chumvi yamepanda, mpunga haushiki tena, na pale lilipokuwa dungu imeota mikoko. Sikuona hata unyayo wa kiboko, atafuata nini? Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani atoke mtoni aje aule mpunga wetu, ili mradi mpunga uwepo, na bibi awe juu kule akigonga debe.

Nimemwandikia mwanangu apande tena ile mashua, na kiboko akiibuka amwambie: mpunga wetu huuli.

Akajibu upesi, "Mpunga gani, Mama?"