Kibati cha Shangazi Dhanwantee

Shangazi yangu Dhanwantee alikata miwa miaka thelathini na minane pale Bon Accueil, kisiwani kwetu, na akikwambia mtu kuwa alikuwa mpole, ujue huyo hamjui. Siku ya kumpaka bibi harusi manjano, yeye ndiye aliyewaimbisha wanawake, akigonga mtungi mdogo wa shaba kwa kijiko. Kila bibi harusi wa ukoo wetu alivishwa shingoni kibati cha zamani, akakipaka manjano yake. Kukiosha ni mwiko, utaosha heri ya ndoa! Basi kikawa donge tu la njano.

Shangazi alikuwa na haja moja duniani. Kila tarehe mbili Novemba, pale Aapravasi Ghat bandarini, walipopandia ngazi vibarua waliotoka India, majina yao husomwa. Alitaka la babu yake Jugmohun lisomwe pia. Miaka kumi na moja aliwasumbua watu wa nyaraka, jina halipo. Bila karatasi, halisomwi.

"Dada, acha kujidhalilisha," baba yangu Premlall alimwambia. "Babu hakuwa kibarua. Alikuja kwa nauli yake, mfanyabiashara."

"Mfanyabiashara gani huyo, aliyewarithisha wajukuu panga la miwa?"

Baba akanuna wiki nzima.

Asubuhi moja tukamkuta bombani, anakisugua kibati kwa ukwaju na majivu. Mama akapiga yowe. "Wifi! Utatuvunjia ndoa!"

"Ndoa ikivunjwa na ukwaju, haikuwa ndoa. Nipishe, nione kuna nini chini!"

Chini ya manjano ya mabibi harusi wote wale palikuwa na namba, kama zile walizopewa vibarua wakishuka melini.

Nikampeleka Shangazi ofisi ya nyaraka mimi mwenyewe. Karani akaitafuta namba hiyo kitabuni, kisha akatuletea picha. Ah! Msichana wa miaka kumi na tisa, Sundree, amekuja bila mume, macho makavu, kibati shingoni. Mtoto ubavuni mwake, aliyeandikwa chini ya namba ya mama tu, ndiye Jugmohun. Miaka yote hiyo tulikuwa tunatafuta mwanamume mzima, kumbe kapandishwa ngazi amebebwa na mama yake! Shangazi alilia mpaka karani naye akalia.

Novemba ikafika. Jina la Sundree likasomwa. Shangazi alitakiwa kuweka ua tu na kurudi kukaa. Thubutu! Alivua viatu, akapanda ngazi zote kumi na sita, magoti mabovu hayo hayo, anagonga mtungi wake na kuimba wimbo wa manjano, na wanawake wa Bon Accueil wakampokea kwa sauti kubwa hadi wageni rasmi wakasimama. Nilijisikia fahari.

Baba alikuwa nyuma kabisa. Ghafla akanyanyuka, machozi yanamtiririka. "Bibi yetu huyo! Alikuwa kibarua!"

Shangazi akageuka kule juu. "Sema kwa sauti, mfanyabiashara! Hawajakusikia huku!"

Akasema tena, kwa sauti.